Magoti ya Baharia

Enzi za merikebu za tanga, Guangzhou nzima huko Uchina ilijua kwamba Wazungu hawana magoti. Wakianguka, hawainuki mpaka wainuliwe.

Kwa hiyo mjukuu wa Saukam alipotambaa hadi ukingoni mwa gati, na aliyekuwa karibu ni baharia wa Kizungu, bibi huyo muuza uji alijua mtoto ameshakwenda na mto.

Baharia akapiga magoti, pu! Akamdaka mtoto kwa nguo.

Saukam alikodolea macho suruali iliyochanika. Goti lilikuwa la duara, limechubuka, linatoka damu.

“Mzee, njoo! Huyu ana magoti!”

“Acha uongo, bibi wee!” mumewe alicheka huku akikoroga chungu.

“Tena mawili! Njoo uyaguse!”

Akampakata mtoto, akamsogezea mgeni kigoda. “Keti, baba. Kunja tu, usione haya. Uji wako huu.”