Wimbo Kama Ulivyoandikwa

“Wewe unanipigia kinanda tu, usijifanye mwalimu wangu!” pacha wangu alinikaripia mlangoni pa chumba cha mtihani.

“Muhula mzima nimekushushia sauti ya huu wimbo ili usikwame kwenye noti za juu.”

“Wivu huo, mwenzangu. Nani alikutuma uzaliwe bila sauti?”

Ulikuwa wivu, sikatai. Tunasoma muziki chuo kimoja, darasa moja, na kila akisifiwa chakula hakinishuki.

Tukaingia. Mhadhiri akatuashiria tuanze. Pacha wangu akanyoosha shingo, akawatabasamia watahini, akasubiri nimpe sauti ya kuanzia. Vidole vyangu vilishakaa kwenye kinanda pale alipozoea, sauti ya chini kidogo.

Nikavisogeza kulia, nikaanza wimbo juu kabisa, kama ulivyoandikwa.