Mwenyekiti wa Kamati ya Harusi Yangu

Je, wazo la kuolewa kabla ya kuhitimu lilikuwa langu? Swali hilo lilinijia siku ambayo Serikali, kama sheria inavyoitaka kila mwaka, ilizitajia familia watu bandia iliowapandikiza katika makundi yao ya mtandaoni. Wetu alikuwa Bi Nakiete, mwenyekiti wa kamati ya harusi yangu, aliyetumwa kuhimiza wasichana waolewe mapema.

Sebule nzima iliangua kicheko.

"Jamani, nimeshamshonea kitenge!" alilalama shangazi Tumpe.

"Afadhali wewe. Mimi nimemposa," akasema mjomba Asukile, nasi tukacheka hadi machozi.

Mama alijipangusa macho. "Haya, harusi ya mwezi ujao tutaiendeshaje? Hebu mwulizeni Bi Nakiete."

Safari hii hakuna aliyecheka, kwa maana shangazi alikwisha kuishika simu na alikuwa anaandika.

Nilimshika mkono mchumba wangu, Ambakisye, nikasimama.

"Nampenda Ambakisye, na nitaolewa naye," niliwaambia. "Lakini harusi haitakuwa mwezi ujao. Nitamaliza masomo yangu kwanza."