Chetezo cha Ukaguzi

Picha ya ubongo wa kitoto kichanga ilikwisha kusomwa. Macho yake hayakuwa na duara la rangi, na ndani ya kichwa kijidaraja kiunganishacho pande mbili hakikuwapo. Sheria ikataka jamaa zake wote wakaguliwe, kwani wenye upungufu huo, hata wakiwa na macho mazima, aghalabu hawasikii harufu. Na aliyebainika haozeshwi kamwe.

Zawena, mama wa kitoto hicho, alikuwa amemfunza binti yake mkubwa, Tamima, jibu moja tu.

Mkaguzi aliingia, mwenzake akabaki barazani. Zawena akamkaribisha kwa chetezo, kama ilivyo ada.

“Haya mwanangu, wasikia harufu gani?” mkaguzi alimuuliza Tamima.

“Ya udi, ami,” alijibu Tamima.

Hapo Zawena akahisi kitu kigumu kiganjani. Kipande cha udi bado alikuwa amekifumbata. Chetezoni mlikuwa na makaa matupu.

Mkaguzi aliinama, akavuta pumzi ndefu.

“Mashaallah, dada. Udi mzuri sana.”

Zawena akamtazama usoni, akafahamu. Ya Rabi, naye pia!

“Udi upi huo?” aliuliza mwenzake, akivuka kizingiti.