Wasioijua Jana

Wakala wa tatu alikuwa ameifuta tena sehemu ya miadi ya wajawazito. Radhiya alivua miwani, akajisugua macho, akaanza kumweleza upya.

Hiyo ndiyo kazi yake: kuwagawia kazi mawakala wa akili mnemba, programu zinazoandika kodi za kompyuta, wautengeneze mfumo wa miadi wa kliniki. Ni wepesi ajabu, hawagombi, hawachoki. Lakini kikao kikifungwa, kila kitu kinawatoka. Asubuhi hawamjui yeye, hawaujui mradi, hawajui jana waliharibu nini. Kwa hiyo kila siku Radhiya anaanza mwanzo: wewe ni nani, upo wapi, kipi kimeshafanyika, kipi usikiguse.

Tahir, kaka yake na mshirika wake, alimwekea chai ya tangawizi. Ofisi yao ni chumba cha juu katika nyumba ya Radhiya, Malindi, dirisha moja tu na joto lisilotoka.

"Umelala?"

"Kidogo."

"Yule mmoja anakumaliza, Radhiya. Hawa wengine ukishawaeleza asubuhi, siku inakwenda. Yeye unamweleza sasa hivi, baada ya muda anakuuliza yale yale."

"Nnajua."

"Nshazungumza na watu wa kituo kimoja Tunguu. Wako tayari kumchukua. Wao ni wengi, wanapokezana. Wanataka jibu leo."

"Yeye ndiye aliyeuanza mfumo huu, Tahir. Peke yake, kabla hawa hawajakuwapo."

"Na sasa ukimwonyesha kodi alizoandika mwenyewe, anazisifu, anauliza kaziandika nani."

Radhiya alicheka bila kutaka.

"Hao wa Tunguu watamweleza kama ninavyomweleza mimi?"

Tahir aliangalia kikombe. "Hata ukimweleza wewe, hakumbuki kuwa ni wewe."

Kliniki ilikuwa inausubiri mfumo Jumatatu. Wasipoukabidhi, kazi ingepewa wengine. Radhiya alirudi kwenye kioo cha kompyuta. Adhuhuri wakala wa tatu akaifuta sehemu ile ile, na Radhiya akaandika kwa herufi kubwa: NSHAKWAMBIA!

Jibu likaja kwa adabu: *Samahani. Ndiyo kwanza naanza. Tafadhali nieleze tangu mwanzo.*

Aliitazama sentensi ile mpaka hasira zikamwisha. Akamweleza tangu mwanzo.

Alasiri sehemu ile ikafanya kazi, majaribio yakapita. Radhiya akafunga kompyuta. Mgongo ulimuuma, macho yalimwasha, na bado yule mmoja alikuwa anamngoja.

"Waambie watu wa Tunguu hapana," alimwambia Tahir.

"Radhiya..."

"Hapana, kaka yangu."

Akashuka ngazi taratibu, ameshika ukuta. Akamshukuru Bi Amne, jirani aliyeshinda huku chini kutwa, akaingia chumbani.

Yule mmoja alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, shati halijafungwa.

"Wewe ni Muhiddin," alianza Radhiya, huku akimfunga vifungo. "Hapa ni Malindi, nyumbani kwako."

Mwanamume alimsikiliza kwa heshima, kama mtu anayemsikiliza mgeni. Kisha akaitazama mikono ya Radhiya kifuani pake, akarudi nyuma kidogo kwa haya.

"Bibi, mume wako hatokasirika?"

"Hapana," alisema Radhiya, akimtazama machoni. "Hajapata kunikasirikia hata siku moja."