Inanitambua Mimi Tu

Mwalimu aliishusha simu polepole juu ya uso wa mumewe, kama mtu anayempima mgonjwa homa. Mume alikuwa amejilaza kwenye kochi baada ya chakula cha mchana, mdomo wazi. Simu ikatetemeka kidogo, ikakataa. Ilitaka macho yafumbuliwe.

Akaisogeza karibu. Ikakataa tena.

"Mume wangu," aliita kwa sauti ndogo, angalau afumbue jicho moja. Mume akageukia ukutani na kuendelea kukoroma. Mwalimu akairudisha simu mezani, akajifanya anafuta vumbi.

Simu ya zamani ilifunguliwa kwa namba nne, mwaka wa ndoa yao, na nyumbani hapakuwa na siri. Hii mpya ilikuja na mambo yake. Mumewe alikuwa fundi wa makochi, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Tangu aipate, aliisifu asubuhi na jioni.

"Mikono yangu ina gundi kutwa kucha, nami sibonyezi kitu! Naiangalia tu, inafunguka. Inanitambua mimi tu. Hivi niliishije miaka yote ile?"

Namba za siri? Alicheka. Alikwishazisahau.

Mwalimu asingejali, lau si yule binti.

Aliajiriwa kwenye karakana ya Fundi mwanzoni mwa mwaka kushona vitambaa, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mikono myepesi, maneno machache. "Katoka mji ule ule nilimokuwa nikishona viti vya mabasi kabla hatujaoana," Fundi alisimulia kwa furaha, kama mtu aliyeokota kitu njiani. Mafundi wengine wote walimwita Mzee. Binti alimwita Fundi, kavukavu, kama vile walikuwa rika moja. Na siku Mwalimu alipowapelekea chai aliwakuta wanacheka kicheko kimoja, kile cha kurusha kichwa nyuma na kumalizia kwa kikohozi. Watu wakizoeana huambukizana, aliwaza. Siku hiyo chai yake mwenyewe ilimshinda kunywa.

Fundi alipoamka na kurudi kazini, Mwalimu alikaa kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Akainuka, akafunga dirisha. Akakaa. Akainuka, akalifungua. Alipogundua kwamba amempa vema mtoto aliyeandika saba mara nane ni arobaini, aliweka kalamu chini, akavaa viatu.

Mlangoni mwa karakana alisimama. Fundi alikuwa amelala chini ya kochi lililopinduliwa, anavuta mkanda wa mpira kwa mikono miwili, misumari mdomoni.

"Niletee simu hapa usoni," alisema bila kufumbua meno, "tuone vipimo vya yule mteja."

Binti aliiokota juu ya benchi. Akaitazama. Ikafunguka.

Alisimama kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Akatazama kioo cha simu, akamtazama Fundi, kisha akaizima haraka.

"Usiizime, mke mwenzangu!" Mwalimu aliingia kwa kishindo. "Ifungue tena, tuone sote."

Fundi akatema misumari. "Mwalimu! Kulikoni?"

"Inakutambua wewe tu, eti? Mimi mkeo nafukuzwa mlangoni kama mgeni, na huyu anaingia bila hodi! Umemwandikisha sura yake humu."

"Sijamwandikisha mtu. Haki ya Mungu tena!"

"Mzee, leo utalala kwenye kochi la mteja," alinong'ona seremala mwenye upara.

Mwalimu akaipokonya simu, akamwelekezea seremala usoni. Ikakataa. Akajielekezea mwenyewe. Ikakataa. Akamwelekezea binti, aliyesimama na mkasi mkononi.

Ikafunguka.

Cherehani ya pembeni ikasimama.

"Basi," Mwalimu alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, jambo lililomtisha Fundi kuliko makelele. "Nimepika, nimefua, nimevumilia vumbi la sponji mpaka kitandani. Leo nafungasha nguo zangu. Na huyu aje achukue na funguo za nyumba."

"Ngoja! Ngoja kwanza, mke wangu." Fundi akatambaa kutoka chini ya kochi, nywele zimejaa nyuzi. Akaitwaa simu, akaipekua kwa vidole vilivyojaa gundi, mpaka akafika pale alipopataka. "Soma mwenyewe. Wewe ndiye mwenye elimu."

Mwalimu akavaa miwani. Uso ulioandikishwa ulikuwa mmoja. Akapekua juu, akapekua chini, akiutafuta wa pili. Hapakuwa na wa pili.

"Umeona?" Fundi alishusha pumzi, akajifuta jasho kwa kiwiko. "Ni mbovu! Kesho asubuhi nairudisha dukani. Simu gani hii isiyojua watu?"

Binti akaweka mkasi juu ya meza, taratibu, kama mtu anayetua mzigo.

"Si mbovu," alisema. "Mama alinikataza kujitaja. Alisema nikae tu mbele ya macho yako, utanitambua mwenyewe."