Kikombe cha Mzizi

Kidawa alikuwa anachimba mzizi wa pili kwenye changarawe kavu nje ya Likawage. Mmea ule huchanua kiangazi, ukiwa na shina nene na maua ya rangi ya waridi, bila jani hata moja.

Mzee mmoja mwindaji alipita, akasimama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Huo wa nini?"

"Mama anaumwa goti. Bibi yangu alikuwa anauchemsha kumtibu babu yangu."

"Sisi utomvu wake tulipaka mishale," mzee alisema. "Bibi yako alimnywesha, au alimkanda nao?"

Kidawa alikumbuka sufuria, mvuke mchungu, na babu amenyoosha mguu mkekani. Kikombe alikikumbuka pia. Lakini kilikwenda mdomoni au kilimwagwa gotini? Kila alipojaribu kukiona, mkono wa bibi uliishia njiani.

Na mzizi wa kwanza alikuwa ameshauchemsha asubuhi, akamwachia mama kikombe kipoe.

Alipiga simu. "Mama, umeshakunywa?"

"Ndiyo kwanza nakiinua."

"Usinywe. Kimwage, mbali na kuku."

"Si wewe uliyesema ninywe?"

"Ni mimi. Mama, bibi alikuwa anampa babu anywe, au anamkanda?"

"Mimi nilikuwa nakutegemea wewe. Wewe ndiye uliyekuwa unashinda naye."

Kidawa alisikia maji yakimwagika chini.

"Sasa hili goti nilifanyeje?" mama aliuliza.

Kidawa alitazama utomvu uliokuwa unamkauka vidoleni. Hakujua hata ajifute wapi.