Kigae cha Amani

Rogata alikuwa akimwomba Mungu mtu afe, na alitaka afe kabla ya kesho kutwa.

Hakuwa na chuki naye. Hata jina lake hakulijua alipoingia gereza la Karthago mchana ule, mkate na tini kwenye kikapu, chupa ya mafuta ya zeituni chini ya shuka. Chupa ilikuwa hongo ya mlinzi. Mlinzi aliifungua, akainusa, akaridhika.

"Umechelewa," alimwambia. "Jana ungewakuta Wakristo kumi na mmoja humu, wanaimba mpaka masikio yanauma. Alfajiri wamepelekwa machimboni. Kabaki yule wa pembeni, kesho anasimama mbele ya hakimu. Mlishe mtakatifu wako kabla panya hawajamuwahi."

Nyumbani kaka yake, Namfamo, alikuwa anakata roho. Amri ya Kaisari ilipotoka kwamba kila mtu aichomee miungu ubani, Namfamo alitangulia uwanjani akauchoma kwa niaba ya nyumba nzima, ili dada yake asiguswe. Rogata akabaki safi, yeye akachafuka. Kanisa likamfungia mlango. Homa ilipompata hakulilia uhai wake hata siku moja. Alililia kipande cha mkate wa Bwana, akitafune kabla ya kufumba macho, asije akafia nje kama mbwa.

Kasisi Krispino alikuwa na njia moja tu. Aletewe barua ya amani, iliyoandikwa juu ya kigae, kutoka kwa mfungwa anayengoja kufa kwa ajili ya imani, naye atampa Namfamo mkate. Lakini barua hiyo haina nguvu mpaka aliyeitoa awe amekufa bila kuyumba. Akilegea mwishoni akaushika ubani, basi ni kigae cha kutupa jalalani. Ndivyo waumini walivyokuwa wakifanya, na Rogata hakuwa na siku za kubishana.

Mfungwa alikuwa ameketi juu ya majani makavu, mguu mmoja kwenye pingu, mgongo umejaa alama za fimbo. Aliutazama mkate kabla ya kumtazama mtu. Alisema anaitwa Miggin. Rogata alipiga magoti akamweleza yote, na yule mtu akasikiliza huku akila, akizidi kutafuna polepole kadiri habari ilivyoendelea.

"Dada, mimi si mtu wa kukupa barua," alisema mwishoni.

Rogata alikwishaambiwa kwamba watakatifu wa kweli hujishusha hivyohivyo. Akazidi kumsihi. Akamshika miguu, pingu na yote, akalia bila aibu. Alimwambia kwamba usiku Namfamo anaweweseka akibisha mlango ambao haupo.

Miggin aliuweka mkate magotini. Alisema amekaa na wale kumi na mmoja mwezi mzima, na kila siku mkate ulipoingia waligawana naye sawasawa, hakuna aliyemuuliza anastahili au hastahili. Hajawahi kuona watu wa namna hiyo. Kisha akauliza barua yenyewe inaanza kufanya kazi lini.

Rogata alitamani ardhi immeze. "Ukishakufa, ndugu yangu."

"Kwa hiyo unaniombea nife."

"Ndiyo. Mungu anisamehe."

"Na kama nisipokufa?"

"Kaka yangu hafiki kesho kutwa."

Miggin alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Na mimi kesho nilishapanga kwenda kula samaki bandarini," alisema. Rogata akainamia kikapu chake. Wanaongoja kufa wana utani wao.

Alitoa kigae, wino na kalamu ya tete. Miggin hakujua kuandika, na maneno ya kusema pia hakuwa nayo, kwa hiyo Rogata aliyatunga mwenyewe: Namfamo apokewe kwa amani. Miggin alichovya kidole kwenye wino akachora alama yake chini, mchoro wa mviringo kama kwato. Alisema tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kuihitaji alama hiyo kwa jambo la heri. Kisha akamrudishia tini mbili, ampelekee mgonjwa.

Asubuhi uwanja ulijaa. Rogata alimwacha Namfamo akihema kwa shida, kasisi ameketi kando ya kitanda, mkate umefunikwa kitambaa, wanangoja habari. Alijipenyeza mpaka mbele, kigae kifuani. Akaomba yule mtu asiogope. Akaomba afe. Alijichukia kwa kila neno na hakuacha.

Miggin aliletwa akichechemea. Mbele yake palikuwa na makaa na sahani ya ubani. Karani alikunjua gombo lake.

"Miggin, mwizi wa nyumbu wa mizigo," alisoma. "Ameshachapwa, na mwezi wake wa kifungo umekwisha jana."

Hakimu hakuinua hata uso. "Choma ubani kama kila mtu, uende zako. Anayekataa leo ni upanga."

Rogata alikishusha kigae kutoka kifuani. Mafuta yake, machozi yake, siku ya mwisho ya kaka yake, vyote amevipoteza kwa mwizi. Alitaka kugeuka aondoke, lakini watu walikuwa wamesongamana nyuma yake na hakupata pa kupita.

Miggin alichota ubani. Akautazama umati, akatafuta huku na huku mpaka macho yake yakamkuta Rogata. Kisha akaurudisha ubani sahanini, chembe kwa chembe.

"Siwezi, mheshimiwa," alisema. "Mimi ni Mkristo tangu jana mchana."